Maporomoko ya Kalambo na Historia Iliyohifadhiwa na Matope

Maji yaangukayo kwa kishindo hayakosi watazamaji, lakini matope yaliyotulia juu ya maanguko hayo ni nadra kumpata hata mmoja. Ukweli huu niliufahamu kwa kuchelewa, nikiwa mtu mzima mwenye shahada na wanafunzi, siku nilipofika katika maporomoko ya mto Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Nilikwenda kutazama maji kama wageni wengine waendavyo. Nilirudi nikiwa na deni la kusahihisha sentensi moja niliyoiandika zamani, na insha hii ni malipo ya deni hilo.

Ajaye kutoka upande wa Tanzania hupita Sumbawanga, katika nyanda za juu za Ufipa, kisha Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, ndipo aelekeapo mtoni. Ajaye kutoka upande wa Zambia huanzia Mbala, mji ambao wakati wa ukoloni uliitwa Abercorn. Njia zote mbili humalizikia kwa miguu. Kijia hupita katika msitu wa miombo, hupanda na kushuka juu ya mawe, na mwendaji huusikia mto kabla ya kuuona. Asubuhi ndiyo saa njema ya kwenda, maana jua la adhuhuri halina huruma juu ya mawe yale, na pale ukungu wa maji ufikapo mawe huteleza. Upande wa Tanzania msitu huo walindwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Upande wa Zambia mahali hapo ni kumbukumbu ya taifa.

Mto Kalambo si mkubwa. Lakini ufikapo penye ukingo wa mwamba mgumu huanguka mara moja, bila kupumzika juu ya ngazi yoyote ya jiwe, zaidi ya mita 200. Kimo hicho ni karibu mara mbili ya kile cha Mosi-oa-Tunya, ambacho ni mita 108, ingawa Mosi-oa-Tunya yaushinda kwa mbali kwa upana na kwa wingi wa maji. Mwishoni mwa mvua maji hushuka kama nguzo nene, na manyunyu yake hupanda yakawalowesha watazamaji. Kiangazi kikizidi, nguzo hiyo huwa uzi mweupe. Chini yake korongo lenye kuta za wima lashika njia ya magharibi kwa kilomita chache hadi ziwani. Sababu ya anguko hili ni Bonde la Ufa. Ardhi ilipopasuka na kuzama, ziwa lilikaa katika shimo lile na mto ukaachwa juu. Tangu hapo haujaacha kulichonga jiwe ili ulifikie ziwa. Katika kuta za korongo hujenga viota ndege wakubwa wenye kifuko shingoni, ambao nao ni jamii ya korongo. Hivyo lugha yetu yamruhusu msemaji kusema kwamba korongo hulea makinda yake korongoni.

Siku ile wageni walisimama ukingoni, wakastaajabu, wakapiga picha, wakageuka kurudi. Mzee aliyetuongoza alikuwa ameketi juu ya jiwe na kuyapa maporomoko mgongo. Mwanafunzi wangu mmoja alimwuliza kwa adabu, "Babu, mbona wewe huyatazami maji?" Mzee akajibu, "Hayo nayaona kila siku, mjukuu wangu. Wale waliokuja kuchimba hawakukaa hapa. Walikaa kule." Akanyosha mkono kuelekea juu ya mto, mahali ambapo hapana kishindo wala ukungu, wala mgeni hata mmoja.

Kule juu bonde hupanuka kidogo na mto hupunguza mwendo. Hujipinda huku na huku katika mchanga na udongo, hula ukingo mmoja na kuujenga mwingine. Mtu asiyejua hupita pale bila kusimama. Hata mimi ningepita, kama nisingalikuwa na habari ya mahali hapo vitabuni, na kama sentensi yangu ya zamani isingalinijia moyoni.

Sentensi hiyo niliiandika katika tasnifu yangu ya shahada ya uzamivu. Nilisema kwamba nchi zilizo kusini mwa Ziwa Tanganyika hazina historia ya kutegemewa kabla ya karne ya kumi na tisa, kwa kuwa hazina maandishi. Hakuna aliyenikosoa, na jambo hilo lenyewe ni la kufikiriwa. Nilikuwa nimefunzwa kupenda maandishi, na maandishi ya nchi hizi, kwa kweli, huanza kwa kuchelewa. Tuyatazame basi, tuone yanasema nini.

Maandishi ya kwanza yatuhusuyo sisi watu wa Kiswahili ni masimulizi ya Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip. Mtu huyu wa Unguja alipita katika nchi za kusini mwa ziwa na kupigana na mtawala Nsama wa Itawa mwaka 1867, mwaka ule ule ambao David Livingstone aliliona ziwa kwa mara ya kwanza katika ncha yake ya kusini. Maisha yake, aliyoyasimulia kwa Kiswahili, ni hazina ya nathari yetu. Yalichapwa mwanzoni mwa karne ya ishirini na Mjerumani Heinrich Brode, kisha yakatolewa tena na Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1950. Lakini ni masimulizi ya mtu apitaye. Yahesabu pembe, yataja vita na watawala na njia. Habari za wanawake waliolima mtama katika mabonde yale, na za watoto waliochota maji katika mito, si shabaha yake.

Maandishi ya pili ni mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ule ambao kwa huo Uingereza iliachia Heligoland na kupewa nafasi ya kuwa mlinzi wa Unguja. Katika kuugawa upande wa kusini, wenye mkataba waliufanya mto huu kuwa mpaka hadi uingiapo ziwani. Waliuandika "Kilambo". Mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ilipita kati ya Nyasa na Tanganyika kuupima mpaka juu ya ardhi yenyewe. Walungu walikuwako pande zote mbili za mto kabla ya mkataba, na wako pande zote mbili hata leo. Mto waliokuwa wakiuvuka kwenda arusini na matangani ukawa ukingo wa dola mbili. Karatasi moja iliweza kufanya hivyo bila kutamka jina la hata mmoja wao.

Maandishi ya tatu ni ya vita. Ngome ya Wajerumani iliyokuwa Kasanga, wakati huo ikiitwa Bismarckburg, ilitekwa na Waingereza mwaka 1916. Na katika mji wa Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimu amri, siku kumi na nne baada ya vita kukoma Ulaya. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa maelfu mengi. Habari za majemadari zimejaza vitabu. Habari za wapagazi twazipata kwa uchache, nazo aghalabu ni hesabu tu.

Hayo ndiyo maandishi yangu niliyoyategemea: la mpita njia, la mgawaji, na la jemadari. Sisemi ni ya uongo. Nasema niliyachukua kuwa ndiyo mambo yenyewe, nami sikujiuliza ni mambo gani yasiyopata wa kuyaandika.

Mwaka 1953 mwanaakiolojia J. Desmond Clark, aliyekuwa mkuu wa jumba la makumbusho la Livingstone katika Rhodesia ya Kaskazini, alifika katika bonde lile lililo juu ya maporomoko. Katika kingo zilizoliwa na mto aliona zana za mawe zikichomoza katika matabaka ya mchanga na udongo. Kuanzia mwaka 1956 hadi miaka ya 1960 alirudi kuchimba, na matokeo ya kazi hiyo aliyatoa katika juzuu tatu zilizochapwa miaka 1969, 1974 na 2001. Alikufa mwaka 2002. Mtu mmoja alitumia karibu nusu karne akisoma ukingo wa mto mmoja mdogo, na hakuumaliza. Wanafunzi wetu watakao kumaliza utafiti kwa miezi sita na waitafakari habari hiyo.

Alichokuta kilikuwa kama kitabu ambacho kurasa zake zimepangwa kwa utaratibu wake. Juu kabisa yalikuwako mabaki ya wakulima na wafua chuma wa milenia ya kwanza baada ya Kristo, pamoja na vyungu vyao vilivyopambwa, ambavyo wataalamu huvihusisha na kuenea kwa watu wa lugha za Kibantu. Chini yao zilikuwako zana ndogo za mawe za wawindaji, chini ya hizo zana za kale zaidi, na chini kabisa mashoka makubwa ya mkono ya jiwe, ya namna ionekanayo toka Afrika ya Kusini hadi Ulaya. Ni mahali pachache duniani ambapo watu wa zama nyingi namna hiyo wameacha alama zao mmoja juu ya mwingine. Lakini lililomshangaza Clark zaidi halikuwa jiwe. Katika tabaka za chini alikuta miti: vipande vilivyoonekana kuchongwa na binadamu, pamoja na majani, mbegu na mkaa.

Mti hauna desturi ya kudumu. Ukiachwa juani hupasuka, ukiachwa mvuani huoza, na mchwa hawamsubiri mtu. Miti ya Kalambo ilidumu kwa sababu ilizikwa upesi katika mchanga na udongo uliolowa maji wakati wote. Pasipo hewa, vijidudu viozeshavyo havikuweza kufanya kazi yao. Basi na tuutazame mto huu kwa haki. Huku chini, maji yake ndiyo yaharibuyo: yavunja mwamba, yachimba korongo, yasomba kila kitu hadi ziwani. Kule juu, hatua chache za safari, maji yale yale ndiyo yaliyotunza. Mgeni huonyeshwa kazi ya kwanza na kuambiwa ndiyo ajabu ya Kalambo. Kazi ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, wala haina sauti.

Clark alishindwa jambo moja, nalo halikuwa kosa lake. Hakuweza kujua umri wa miti ile. Njia iliyokuwako ya kupima umri wa mti ni ile ya kaboni, nayo hufika kiasi cha miaka 50,000 hivi tu. Zaidi ya hapo kaboni ipimwayo huwa imebaki kidogo mno. Vipimo vilimwambia kwamba miti ni ya kale, lakini vilikoma mlangoni. Ilimbidi aliyemfuata angojee ujuzi mwingine uzaliwe.

Ujuzi huo ulikuja kwa njia ya mchanga. Chembe za mchanga zikifunikwa zisione jua huanza kukusanya nguvu itokayo katika mnururisho wa asili wa udongo ulizozizunguka, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Zikifikishwa katika maabara na kuamshwa, huitoa nguvu hiyo kwa namna ya nuru, na kwa kupima nuru hiyo mtaalamu hujua zilifunikwa lini. Mwaka 2019 watafiti walioongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichimba tena Kalambo, naye Geoff Duller wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth akaupima mchanga. Matokeo yalichapwa Septemba 2023.

Walikuta magogo mawili, moja limelala juu ya jingine kwa kukingama. Katika gogo la juu lilikuwa limechongwa pengo, nalo lilikaa sawasawa juu ya lile la chini, yakashikana. Alama za zana za jiwe, za kukata na za kuparua, zilionekana wazi juu ya mti. Umri wa mchanga uliowazunguka ni miaka 476,000 hivi, kwa kupungua au kuzidi 23,000. Yamkini yalikuwa sehemu ya jukwaa, au ya njia ya kupitia juu ya mahali penye maji, au ya msingi wa makazi. Katika tabaka za baadaye, za kati ya miaka 390,000 na 324,000 iliyopita, zilionekana zana nyingine za mti, miongoni mwake kabari na mti wa kuchimbia. Miti iliyochongwa iliwahi kuonekana kwingine, kama ile ncha ya mkuki iliyopatikana Clacton, Uingereza, mwaka 1911. Lakini miti miwili iliyounganishwa kwa makusudi ili kufanya jengo, ya umri kama huo, haijapata kuonekana penginepo duniani.

Inafaa hapa tuwe waangalifu, maana furaha humpoteza mwanachuoni upesi kuliko huzuni. Mifupa ya binadamu haikuhifadhiwa Kalambo, kwa hiyo haijulikani ni akina nani walioyaunganisha magogo yale. Mabaki ya kale zaidi ya watu wa namna yetu yajulikanayo, yale ya Jebel Irhoud huko Moroko, ni ya miaka 300,000 hivi. Wajenzi wa Kalambo walitangulia. Basi hatuwezi kusema kwamba walikuwa Walungu au Wafipa, wala kwamba walikuwa Waafrika kwa maana tuitumiayo leo, kwani hata mtu mwenyewe kama tumjuavyo hakuwa bado. Mtu atakaye kuyafanya magogo yale kuwa bendera ya taifa lake atakuwa amerudia kosa la wale waliofanya mto kuwa mpaka.

Lakini lipo jambo ambalo magogo yanatudai, nalo lahusu lugha yetu moja kwa moja. Shuleni twafundisha Zama za Mawe: za Kale, za Kati na za Mwisho. Jina hilo twalitamka kama kwamba ni jina la maisha ya watu. Asili yake ni kabati. Katika karne ya kumi na tisa C. J. Thomsen alipanga vitu vya kale katika jumba la makumbusho la Copenhagen kwa kufuata vitu vilivyotengenezewa: jiwe, shaba nyeusi, chuma. Ulikuwa utaratibu mwema wa kupanga vitu vilivyobaki. Sisi tukaugeuza kuwa habari za watu walioishi. Mtoto akisikia Zama za Mawe huona watu waliokaa juu ya mawe, wakala kwa mawe, wakafikiri kwa mawe. Magogo ya Kalambo yaonyesha kwamba huenda mti ulikuwa sehemu kubwa ya maisha yao, na jiwe likawa kisu tu cha kuuchongea. Jiwe lilibaki, mti ukaoza, nasi tukawapa watu jina la kile kilichobaki.

Hapo ndipo nilipoiona sentensi yangu. Nilikuwa nimefanya vile vile. Maandishi yalibaki, maneno ya vinywani yakapotea, nami nikaiita nchi kwa jina la kile kilichobaki: nchi isiyo na historia. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hana udhuru katika kosa hili. Anajua kwamba tenzi tulizonazo katika miswada ni zile zilizopata karatasi, mwandishi, na sanduku lisiloingiwa na mchwa. Anajua kwamba kwa kila shairi lililoandikwa yaliimbwa mengi yasiyoandikwa, shambani, jahazini na kisimani. Hata hivyo akiandika historia ya fasihi huanzia kwenye mswada wa kwanza, kana kwamba kabla ya wino watu walikuwa mabubu.

Simaanishi kwamba tubuni yaliyopotea. Clark hakubuni. Alipofika mwisho wa kipimo chake alisimama, akaacha mahali wazi kwa ajili ya mwingine, na miaka mingi baadaye mwingine akaja. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya kuandika "hakuna" na kuandika "hakikubaki". Neno la kwanza hufunga mlango. La pili humtuma mwanafunzi kwenda kutafuta ni matope gani yaliyoweza kuhifadhi kitu: jina la mahali, methali, wimbo wa kutwangia, umbo la chungu, kumbukumbu ya mzee.

Kwa hiyo namshauri msomaji atakayepata nafasi ya kwenda Kalambo aende, ayatazame maporomoko na kuyafurahia, kwani yanastahili. Atembee katika kijia kile, aone ndege na korongo. Kisha, kabla ya kurudi, ageuke ayape maji mgongo, atazame kule juu mtoni. Asitarajie kuona kitu. Ataona mchanga, majani na mto uendao polepole. Wala asiende kuchokoa kingo, kwa maana mti uliolala majini miaka elfu mia nne na zaidi ukitolewa hovyo hukauka, ukapasuka na kupotea. Mto ukibadili njia, au mtu akigeuza maji yake, kilichosalia ndani ya matope yale chaweza kupotea kabla hakijasomwa.

Tulipoagana na mzee wetu nilimpa ahsante, nikamwuliza kama wazee wake waliwahi kumsimulia juu ya watu waliokaa pale zamani. Akacheka, akasema yapo mengi, lakini hayasimuliki kwa kusimama. Nilikuwa na saa moja tu kabla ya gari kuondoka. Nimekwisha kuomba ruhusa ya kurudi, na safari hii sitakwenda kwa siku moja.